Je, wajua kwamba balbu haili mkondo wa umeme?

Chukua betri mbili za tochi, balbu mbili ndogo zinazofanana na vipande vitatu vya waya. Unga balbu hizo kwa mfuatano, kisha uwaulize wanafunzi wa darasa la sita: ipi itawaka zaidi? Wengi watataja ile ya kwanza, kwa hoja kwamba umeme unaifikia mapema na ya pili inabakiziwa makombo. Kumbe zote zinawaka sawa. Weka ameta kabla ya balbu ya kwanza, katikati, au baada ya ya pili: inasoma namba ileile. Mkondo unaotoka kwenye betri ndio unaorudi, wote.

Hiyo ndiyo siri ya sakiti, na ningependa kila mtoto aijue kabla hajakariri alama za kuchora balbu na swichi. Fikiria mnyororo wa baiskeli. Ukikanyaga pedali, pingili zote zinasogea kwa pamoja, na hakuna hata moja inayoishia kwenye gurudumu la nyuma. Kinachotumika ni nguvu za miguu yako. Elektroni nazo zimejaa ndani ya shaba muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, zinasukumwa zote karibu kwa mara moja, ndiyo maana taa haichelewi. Lakini zenyewe ni za polepole mno: kwenye waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita 1 ya mraba, unaopitisha mkondo mnyoofu wa ampea 1, elektroni husogea kama sentimita 26 kwa saa nzima.

Basi ni nini kinachoisha? Fungua tochi ya bati ya mawe mawili, yaani betri mbili, ya aina iliyowamulikia watu wa vijiji vya wilaya ya Ileje kabla nguzo za umeme hazijafika. Kila jiwe lina volti 1.5, na kwa kuwa yamepangwa kichwa kwa mkia, yanatoa volti 3. Chini kuna springi inayogusa kitako cha jiwe la mwisho, na ganda la tochi lenyewe ndilo waya wa kurudishia mkondo. Swichi inasukuma kibati kidogo kigusane na ganda, njia inafungika. Ndani ya jiwe, katikati, kuna kijiti cha kaboni, ndugu wa makaa ya mawe ya mgodi wa Kiwira. Kinazungukwa na unga mweusi wa manganizi dayoksaidi, na nje kuna kopo la zinki. Zinki hiyo ndiyo inayoliwa. Jiwe la kawaida likisahaulika ndani ya redio, kopo hutoboka na maji yake huitia springi kutu.

Sasa nenda kwenye nyumba iliyofungiwa umeme pale Isongole, karibu na mpaka wa Malawi. Watu husema wanatumia umeme wa Bwawa la Kidatu au wa Bwawa la Nyerere. Nishati, sawa. Lakini hakuna elektroni iliyosafiri kutoka huko: ndani ya transfoma ya nguzoni kuna koili mbili zisizogusana, na sakiti ya nyumba yako inaanzia kwenye koili ya pili na kurudi hapohapo. Elektroni zake zinatikisika tu, mbele na nyuma, mara 50 kwa sekunde. Mita ya LUKU nayo haihesabu elektroni. Yuniti moja ni nishati ya kilowati 1 kwa saa 1.

Taa za nyumbani huungwa kwa usambamba, kila moja ikipata volti 230 zake, hivyo moja ikiungua nyingine haziathiriki. Lakini kila unachoongeza kinaongeza mkondo kwenye waya mkuu. Birika la wati 2,300 peke yake linavuta ampea 10. Mwaka 1827 Georg Ohm, mwalimu wa shule huko Ujerumani, alichapisha kanuni inayotuwezesha kupiga hesabu hiyo: gawanya volti kwa ukinzani. Ukinzani wa birika hilo ni omu 23. Waya mbili zikigusana ukinzani unakaribia sifuri, mkondo unafumka, na hiyo ndiyo shoti. Fyuzi imewekwa hapo iyeyuke kabla waya za ukutani hazijashika moto. Anayeiziba iliyoungua kwa karatasi ya pakiti ya sigara ameiondolea nyumba nzima ulinzi wake. Naomba wanafunzi wakiona hilo nyumbani wawaambie wazazi bila woga.

Fundi ana njia rahisi ya kuhakiki kwamba mkondo wote unarudi. Mita yake ya kubana, ikizunguka waya wa moto peke yake, inasoma labda ampea 4. Kwenye nyutro, waya wa kurudishia, inasoma 4 vilevile. Akizibana zote mbili pamoja, inasoma sifuri, kwa sababu mikondo inayopingana inafutana. Isiposoma sifuri, kuna kiasi kinachorudi kwa njia nyingine, pengine kupitia ukuta uliolowa mvua, na hapo kazi ya kuutafuta huo uvujaji inaanza.