Hamira Inapochagua Upande

Seli ya hamira ina upana wa mikroni tano hivi. Ukizipanga 200 kwa mstari zinajaza milimita moja. Ni mviringo mtupu, haina mbele wala nyuma, na haitembei. Hata hivyo, ikipata sukari na joto la kuitosha, kila baada ya dakika 90 hivi inateua sehemu moja ndogo ya ukuta wake, na sehemu hiyo inaanza kuvimba. Uvimbe huo ni chipukizi. Linakua, linapokea kiini chake chenye kromosomu kamili, kisha linaachana na mama na kuanza kujitegemea. Mama hatoi machipukizi mawili kwa mpigo, wala havimbi pande zote. Linatoka moja, mahali pamoja.

Kitu cha mviringo kinapataje upande? Swali hilo haliihusu hamira peke yake. Seli ya neva hurefusha mkono mmoja kuelekea msuli, si mikono kumi. Chembe nyeupe ya damu inayofukuza bakteria ina upande wa kutangulia na upande wa kufuata. Seli za utumbo zina uso unaotazama chakula na mgongo unaotazama damu. Katika zote hizo, sehemu fulani ya seli imeamua kuwa tofauti na sehemu nyingine, na uamuzi huo umefanywa na molekuli ambazo hakuna anayezielekeza. Kwa maoni yangu hakuna kiumbe kilichotujibu swali hili kwa uwazi kama hamira, kwa sababu hamira inakubali kuharibiwa jeni moja baada ya nyingine huku ikituonyesha ni nini kimepotea.

Kuharibu jeni si kazi ngumu. Zipo kemikali za kufanya hivyo. Ugumu ni kwamba jeni ya lazima ikiharibika seli inakufa, na maiti haina la kusimulia. Leland Hartwell wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, aliupita ugumu huo mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kutafuta jeni zilizoharibika nusu. Protini zake hufanya kazi vizuri kwenye nyuzijoto 23, lakini kwenye nyuzijoto 36 hulegea na kushindwa. Unailea hamira katika ubaridi mpaka ipatikane kwa mamilioni, kisha unapandisha joto na kutazama imekwama wapi. Yeye na mwanafunzi Brian Reid walitambua kwamba chipukizi lenyewe linaonyesha seli imefika wapi. Likiwa dogo, mzunguko ndiyo kwanza umeanza; likiwa kubwa, kuachana kumekaribia. Seli zenye kasoro katika jeni ileile zilikwama zote zikiwa na sura moja. Jeni hizo zikaitwa CDC, kwa kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mzunguko wa kugawanyika kwa seli, na kila moja ikapewa namba yake. Mwaka 2001 Hartwell alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Nurse na Tim Hunt.

Katika orodha hiyo ilikuwamo jeni moja isiyofanana na wenzake, CDC24. Seli zenye CDC24 mbovu, zikipandishiwa joto, hazikomi kukua. Zinanenepa. DNA inanakiliwa, kiini kinagawanyika kuwa viwili, halafu vinne, yote hayo ndani ya tumbo moja, na chipukizi halitokei. Hata kitini, kitu kigumu ambacho kwa kawaida hujengwa kama pete kwenye shingo ya chipukizi, hutapakaa ukuta mzima. John Pringle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walilieleza jambo hili kuanzia mwaka 1978, na sioni kama limewahi kupewa uzito linaoustahili nje ya maabara zetu. Seli hiyo haikupoteza nguvu ya kukua, wala haikusahau kunakili DNA yake. Kitu kimoja tu kilichopotea ni mahali pa kuelekeza ukuaji.

Mwaka 1990 kundi la Pringle likatangaza jeni nyingine mbili zenye kasoro ya namna hiyohiyo, CDC42 na CDC43. CDC42 ndiyo iliyokuja kuwa maarufu. Protini yake ni ndogo, ina asidi amino 191, na ni ya ukoo mmoja na Ras, protini ijulikanayo sana katika utafiti wa saratani. Ikishika molekuli iitwayo GTP inakuwa macho. GTP ikikatwa na kuwa GDP, inalala. Cdc24, yaani protini ya CDC24, ndiye mwamshaji wake: huiondolea GDP ili GTP ipate nafasi. Palipo na Cdc42 iliyo macho ndipo seli inapojenga.

Mwaka huohuo maabara nyingine zilikuwa zikihangaika na protini ndogo iliyotengwa kwenye kondo la nyuma la binadamu, ambayo kazi yake haikujulikana. Zilipoisoma jeni yake zikakuta ni Cdc42. Katika kila asidi amino kumi, nane hivi ni zilezile za hamira. Jeni hiyo ya binadamu ikaingizwa katika hamira yenye CDC42 mbovu, na hamira ikachipua. Viumbe hawa wawili walitengana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na bado kipuri cha mmoja kinaingia kwa mwenzake.

Lakini kuwa na uwezo wa kuota chipukizi hakuelezi ni kwa nini linaota hapa na si pale. Hamira haichagui ovyo. Kila chipukizi linapoachana na mama huacha kovu la kitini ukutani, na ipo rangi iitwayo kalkofluoro inayong'arisha makovu hayo chini ya mwanga wa urujuanimno. Seli iliyozaa mara nyingi unaweza kuyahesabu makovu yake na kusoma historia ya uzazi wake wote, ambao kwa kawaida hukoma baada ya machipukizi 20 hadi 25. Seli zenye seti moja ya kromosomu huchipua kando ya kovu la mwisho, kwa hiyo makovu yao yanafuatana. Zile zenye seti mbili huchipua kwenye ncha mbili zinazoelekeana. Inadhaniwa kwamba mpango wa kwanza unawasogeza jirani walio tayari kupandana, na wa pili unasaidia kutapanya ukoo kuelekea chakula.

John Chant na Ira Herskowitz, wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, waliona kwamba mpangilio huo lazima uwe na jeni zake, wakazitafuta. Mwaka 1991 walitoa BUD1, BUD2, BUD3 na BUD4. BUD5 ikafuata mwaka huohuo. BUD3 au BUD4 ikiharibika, seli yenye seti moja ya kromosomu inachipua kwenye ncha kama ile yenye seti mbili. BUD1, BUD2 au BUD5 ikiharibika, mpangilio unavurugika kabisa na makovu yanaonekana popote.

Seli hizo zilizovurugika zina afya. Zinazaa kwa kasi ya kawaida, machipukizi yao yana umbo zuri, na yanatoka moja baada ya jingine. Ukiinyang'anya hamira BUD1, inapoteza anwani tu. Ukiinyang'anya CDC42, inakufa ikiwa tufe. Kuchagua mahali na kuwa na mahali ni kazi mbili, zenye jeni mbalimbali, na kwangu hili ndilo jibu kubwa zaidi lililotoka katika miaka yote ya kuharibu jeni za hamira. Alama za makovu hutoa ushauri. Uwezo wenyewe wa kupata upande mmoja unatoka penginepo.

Kazi hizo mbili zinakutana wapi? Pringle na Alan Bender walikuwa tayari wamelikuta daraja kabla ya kujua ni daraja. Mwaka 1989 waliziongezea seli zenye CDC24 dhaifu nakala za ziada za jeni mbalimbali, wakitafuta ipi itaziokoa. Mojawapo ya zilizofaulu wakaiita RSR1. Baadaye ikabainika kwamba RSR1 na BUD1 ni jeni ileile. Waliotafuta anwani na waliotafuta uwezo wa kujenga walikuwa wamegonga mlango mmoja kutoka pande mbili: Bud1 huichukua taarifa ya kovu na kumvuta Cdc24 afike hapo, na Cdc24 anaiamsha Cdc42.

Sasa iondoe Bud1. Hakuna anayemwelekeza Cdc24, na seli ni sawa pande zote. Kwa nini yasitoke machipukizi kadhaa kwa mpigo? Mwaka 1952 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba kemikali zinazochocheana na kusambaa kwa kasi tofauti zinaweza kuvunja usawa zenyewe, bila mwelekezaji. Hamira inafanya jambo la ukoo huo. Protini iitwayo Bem1 huishika Cdc42 iliyo macho, na papo hapo huwa imembeba Cdc24. Kwa hiyo Cdc42 chache zilizoamka kwa bahati zinamvuta mwamshaji, naye anaamsha nyingine jirani, nazo zinamvuta tena, na baka la Cdc42 iliyo macho linakua. Fikiria mama lishe wawili kwenye kituo kimoja cha mabasi. Mwenye wateja wengi kidogo anavutia wapita njia zaidi, na kwa kuwa abiria wa kituo ni walewale, kila anayeketi kwake ametoka kwa mwenzake, mpaka wa pili anafunga. Abiria wa hamira ni Bem1 na Cdc24 zilizomo ndani ya seli, na hazitoshi mabaka mawili.

Maelezo mazuri hayatoshi, yanahitaji jaribio linaloweza kuyakanusha. Mwaka 2009 maabara ya Daniel Lew, katika Chuo Kikuu cha Duke, iliiunga Bem1 na protini inayokaa kwenye utando wa seli, ikawa haiwezi tena kuhama upesi kwa kuelea ndani ya maji ya seli. Ilibidi isafirishwe kwa vifuko. Kama ushindani ndio unaoleta chipukizi moja, kuuchelewesha kungetoa nafasi kwa mabaka mawili kukua sambamba. Ndivyo ilivyokuwa. Baadhi ya seli zilionekana chini ya darubini zikiotesha machipukizi mawili kwa wakati mmoja.

Baada ya baka kushinda, ujenzi unafuata njia iliyonyooka. Nyuzi za aktini zinajipanga kuelekea hapo, vifuko vyenye mali ya ukuta vinasafiri juu yake, na protini za septini zinatengeneza pete itakayokuwa shingo.

Kwa binadamu, hitilafu katika kazi ya Cdc42 si habari ya maabara tu. Protini iliyo na kasoro katika ugonjwa wa Wiskott-Aldrich, unaowaacha wavulana na kinga dhaifu na kuvuja damu, ni mojawapo ya zile zinazopokea amri za Cdc42. Tangu mwaka 2015 wamejulikana pia watoto ambao CDC42 yao wenyewe imebadilika herufi moja. Ukuaji wao unachelewa, na vigandisha damu vyao ni vikubwa na vichache.

Fangasi Candida albicans, anayeleta utando mweupe mdomoni kwa watoto wachanga na kwa wenye kinga iliyoshuka, ni ndugu wa hamira. Anaweza kuchipua kama hamira, na anaweza kubadilika kuwa uzi mrefu unaopenya nyama. Ncha ya uzi huo inashikiliwa na Cdc42 na Cdc24. Zikipungua nguvu, uzi hauoti. Dawa ya kuizima Cdc42 ya fangasi ingekuwa hatari kwa mgonjwa, maana ya kwake inafanana nayo mno. Kwa hiyo inafaa kuwatazama wanaoishauri. Candida aliyenyang'anywa RSR1, jeni ambayo hamira inaishi bila shida inapoikosa, bado anaota uzi, lakini uzi huo unapindapinda na hauwezi kushika mwelekeo.