Mfua Maji Hujua Kwanza

Kila nikimaliza somo la usalama baharini, iwe Tongoni au Kigombe, swali ni lilelile: "Mwalimu, kila baharia akisema lake, si chombo kitakwenda mrama? Manahodha wengi hao." Nimechoka nalo, nalijibu hapa mara moja.

Methali ile inahusu usukani. Wakiushika wawili, kila mmoja akivutia kwake, chombo kitapotea, sibishi. Lakini mdomo si usukani. Tazama mashua ikitoka Tongoni: nahodha yuko tezini, macho kwenye tanga, kijana wa kufua maji yuko ngamani na kopo lake. Maji yakianza kuingia kuliko anavyoyafua, wa kwanza kujua ni yeye. Nasi tumemfundisha nini? Kwamba akisema amekosa adabu, anaita mabaya. Basi anafua kimya hadi maji yanamfika magotini.

Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama Nungwi ikielekea Pemba. Iliruhusiwa kubeba watu wasiofika 700; tume ya uchunguzi ilihesabu zaidi ya 2,000. Umati huo haukupanda kwa kificho! Mkata tiketi aliuona, kuli aliuona, baharia wa ngazini aliuona. Aliyekosekana ni mtu wa kusema "haiondoki" akasikilizwa. MV Nyerere nayo ilipinduka Ukara, 20 Septemba 2018: uwezo watu 101, waliokufa 228.

Wala si sisi peke yetu. Tenerife, 27 Machi 1977, fundi ndani ya ndege ya KLM aliuliza kama ndege ya mbele imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mtu mwenye jina kubwa kazini, akajibu imetoka. Fundi akanyamaza, ndege hizo mbili zikagongana. Walikufa watu 583. Siku hizi marubani hufundishwa kumpinga mkubwa wao na kupingwa, na ndege hazijaenda mrama.

Haya, ya kufanya. Kabla ya kung'oa nanga nahodha aulize kwa sauti watu wangapi, mzigo upoje, hewa ikoje, na aanze kujibu aliye mdogo kuliko wote. Akisema hapana, hamwondoki mpaka jambo likaguliwe. Mwenye chombo, usimlipe nahodha kwa vichwa vya abiria. Abiria, ukiona kimejaa shuka, dai nauli yako, toa taarifa TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini bara, au Mamlaka ya Usafiri Baharini ukiwa Zanzibar. Jaketi la kuokolea livae, usilikalie.

Na wewe nahodha, kijana akikwambia maji yanazidi, usimuulize ameanza lini ubaharia. Shuka ngamani ukatazame.