Yaya Anakwenda Kuomba Kazi

Sogeeni karibu, watoto. Leo sungura apumzike. Nitawasimulia habari za yaya yangu, dada yetu mkubwa, aliyenyimwa kazi kwa sababu alikuwa amesoma sana.

Kamina mnaijua. Ni makao makuu ya Haut-Lomami tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, na reli hukutana hapa: moja inatoka Lubumbashi, nyingine inakwenda Mwene-Ditu na Kananga mpaka Ilebo, ya tatu inaelekea Kabalo na kuendelea hadi Kalemie, kando ya ziwa. Mahindi ya vijijini huingia mjini kwa baiskeli, mwenyewe akitembea na kuisukuma, magunia yamelala juu ya kiti. Depo moja ilikuwa ikitafuta karani wa kusimama mzanini na kuandika kilo. Walitaka mtu aliyemaliza sekondari tu. Yaya alikuwa na lisansi ya mfumo wa zamani, yaani miaka 5 ya chuo kikuu juu ya sekondari.

Kabla ya hapo alikuwa amefukuzwa kwa upole mahali pengine. "Wewe umesoma mno, binti. Utatukimbia." Alirudi nyumbani akiwa kimya, akachukua kalamu na kuifuta lisansi kwenye karatasi yake ya maombi.

Babu aliona. Babu alikumbuka zamani za ukoloni, wakati watumishi weusi wa serikali walikuwa na daraja lao na Wazungu lao, mpaka ilipoanza sheria moja ya watumishi wote mwaka 1959. Alikuwa amewaona watu walioijua kazi yote ya ofisi wakizeeka makarani. "Wale walizuiwa na mkoloni," akasema. "Wewe unajizuia mwenyewe? Na wakikuuliza ulikuwa wapi miaka 5, utasema ulikuwa umelala?"

Yaya akairudisha lisansi yake.

Halafu akafanya jambo ambalo mimi, mtoto, sikulielewa. Asubuhi mbili alikwenda kusimama ng'ambo ya barabara, akiitazama ile depo. Aliona wakulima wakigombana na mpimaji juu ya kilo zilizokatwa kwa ajili ya gunia tupu. Aliona pia kwamba hesabu haikuandikwa palepale. Ilingoja jioni, watu wakiwa wamechoka na wamesahau.

Usiku, baada ya kula bukari, papa, yaani baba yetu, aliketi kwenye kiti cha plastiki akajifanya mkubwa wa depo. Mimi nilipewa kazi ya kubisha mlango. Yaya akaingia, akasalimia, akangoja aambiwe akae.

"Kwa nini mtu wa lisansi anataka kazi ndogo hii?"

"Sina nyingine, papa."

Papa akatikisa kichwa. Akamweleza kwamba mtu anayesema umesoma mno anaficha hofu: atakukosa baada ya mwezi, utadai pesa asizo nazo, au utamdharau mbele ya wapagazi. Ijibu hofu yake, usijibu maneno yake. Nadhani hakuna shauri bora kuliko hilo.

Walirudia mpaka nikasinzia mlangoni. Jibu la mwisho nalikumbuka: "Papa, nimeona wakulima wenu wanagombania uzito wa gunia. Nitapima gunia tupu mbele ya macho yao na kufunga hesabu palepale. Kazi hii naitaka, na mkubwa wa mzani nitamsikiliza, maana mahindi anayajua kuliko mimi."

Ikabaki pesa. Hapo papa akafungua Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002. Ibara ya 7 inasema hela ya usafiri, ya nyumba, matibabu na posho ya watoto si sehemu ya mshahara. Tuseme unaambiwa dola 200, kila kitu ndani. Uliza kwa adabu: mshahara wenyewe ni ngapi? Maana malipo ya likizo hufuata mshahara, hayafuati nauli. Uliza pia: nitalipwa dola au franga, na kama ni franga, kwa kiwango cha siku gani? Ibara ya 43 nayo inaweka mpaka wa muda wa majaribio: mwezi 1 kwa kibarua asiye na ufundi, miezi 6 kwa wengine.

Siku ya siku, depo ilitaja mshahara wa karani wa sekondari. Yaya hakununa. Alisema ataukubali kwa muda wa majaribio, pamoja na hela ya usafiri, iwapo mkataba utaandika kwamba baadaye watakaa tena kuzungumza juu ya mshahara. Yule bwana akasema, "Niamini tu." Yaya akajibu, "Nakuamini, papa. Tuandike ili na atakayekuja baada yako aniamini." Bwana akacheka, akauandika mstari ule kwa mkono wake.

Mwezi wa saba wa kazi wakakaa tena. Hakupata yote aliyoomba, lakini mshahara ulipanda.

Basi, kama nyumbani kwenu kuna kaka au dada anayekwenda kuomba kazi wiki hii, usimwache alale mapema. Tafuta kiti, keti kama mkubwa, umwambie abishe mlango.