Maji ya Mchezaji Yaanzie Kwenye Ratiba

Kaskazi likivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, bonanza za mitaa na za maofisini hushamiri Dar es Salaam na Pwani yote. Mechi ya kwanza huanza asubuhi, fainali ni jioni, na timu inayofika mbali hucheza mara tatu au nne siku hiyohiyo. Ukiuliza maandalizi utaambiwa jezi zipo, kombe lipo, muziki upo na mbuzi wa mshindi keshafungwa kando ya uwanja. Ukiuliza maji, jibu ni kwamba kila timu ijitegemee.

Jibu hilo linanikera kama mtu wa tiba ya michezo, kwa sababu linamtupia mchezaji mzigo ambao hata akiwa na chupa zake hawezi kuubeba peke yake.

Joto la Pwani lina tabia yake. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi; lita moja ikikauka yote huondoka na takriban kilokalori 580 za joto. Nyuzi 32 zikikutana na hewa iliyojaa unyevu, jasho halikauki. Linachuruzika hadi kwenye soksi, mwili haupoi, nao unazidi kulitoa. Mchezaji anapoteza maji bila kupata faida yake. Dodoma, kwenye joto kavu, jasho hukauka upesi kiasi kwamba mtu hajui ametoka jasho kiasi gani, mpaka aone michirizi myeupe ya chumvi kwenye jezi.

Sasa tupige hesabu. Mchezaji wa kilo 70 amepasha misuli na kucheza, jumla saa moja hivi. Amekunywa nusu lita, na akirudi kwenye mzani anakuta kilo 69. Maana yake ametoa jasho lita moja na nusu, na anadaiwa lita moja. Upungufu ukifika asilimia 2 ya uzito, kwake kilo 1.4, wengi huanza kuchelewa kwenye mpira, kukosea pasi na kuona mchezo mzito. Kwa mechi moja bado hajafika huko. Lakini akiingia mechi ya pili bila kulipa deni, atamaliza akiwa na kilo 68. Ya tatu itampeleka kwenye asilimia 4, na jua la saa nane limewaka.

Kulipa deni la lita moja kunahitaji kunywa lita moja na robo hadi lita moja na nusu, kwa kuwa sehemu yake itatoka kwa mkojo. Tumbo nalo lina kasi yake. Kwa wengi, takriban lita moja kwa saa ndiyo kiasi kinachopita bila kichefuchefu. Kwa hiyo mchezaji anahitaji kama saa moja na nusu ya kupumzika kivulini kati ya mechi na mechi. Mratibu akimpa dakika 30, hata kreti nzima ya maji haitamwokoa, na ndiyo sababu nasema suala hili ni la ratiba kabla ya kuwa la chupa.

Wapo wanaosikia haya wakaanza kujijaza maji kupita kiasi. Hilo nalo ni hatari. Baada ya Boston Marathon ya 2002, utafiti ulionyesha kuwa takriban asilimia 13 ya wakimbiaji waliopimwa damu walikuwa na upungufu wa sodiamu, hasa waliokunywa hadi uzito wao ukaongezeka. Chumvi ya damu ikishuka sana, ubongo huvimba, na mtu anaweza kufa. Kunywa kwa kufuata kiu, kidogokidogo tangu asubuhi, na usimalize mechi ukiwa mzito kuliko ulivyoanza.

Anywe nini? Kwa mechi moja maji safi yanatosha. Kwa siku nzima ya mechi, jasho hubeba pia chumvi, na mchanganyiko wa nyumbani unafaa sana: lita moja ya maji safi, robo kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vidogo 8 vya sukari na ndimu. Dafu ni zuri, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo lishushie karanga zenye chumvi. Soda ina sukari nyingi mno, hukaa tumboni. Bia kati ya mechi isiwepo kabisa. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya figo amuulize daktari wake kabla ya kuongeza chumvi. Kwenye bonanza za maofisini watu hawa ni wengi.

Ile ndoo yenye kikombe kimoja kinachopita midomo ishirini iondoke. Pipa lenye bomba na kila mtu na chupa yake ni gharama ndogo kuliko kipindupindu.

Na mchezaji akianza kupepesuka, kujibu ovyo au kutomtambua mwenzake, huyo asipewe maji mdomoni. Huenda joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40, na hilo linaua. Liitwe gari la wagonjwa, lakini kupoza kusisubiri gari: mlazeni kivulini, mvueni jezi, mwagieni maji baridi mwili mzima bila kukoma huku mnampepea. Mkiwa na beseni kubwa la maji yenye barafu, mtumbukizeni hadi shingoni, na mtu akishike kichwa chake. Aendelee kutoa jasho au ngozi iwe kavu, tiba ni hiyohiyo.

Sheria za soka zinawaruhusu waandaaji kuweka kwenye kanuni zao mapumziko ya kunywa maji yasiyozidi dakika moja, na ya kupoza mwili ya sekunde 90 hadi dakika 3. Hakuna anayehitaji kibali kipya. Ndugu mratibu, kabla hujachapisha ratiba ya bonanza lako, futa mechi za kati ya saa sita na saa tisa, acha saa moja na nusu kati ya mechi za timu moja, na uandike maji kwenye bajeti kabla ya mbuzi.