Mizani ya Kidijitali na Haki ya Mwanachama

Vyama vingi vya msingi vimekwisha kuziweka kando mizani za rula na kununua mizani za kidijitali. Vingine vingali vinalijadili jambo hilo katika mikutano mikuu. Wanachama huuliza maswali ya haki kabisa. Je, mashine hii haiwezi kusema uwongo? Na ikisema, nani atajua? Makala haya yanakusudia kuwaeleza Makatibu na wanachama namna vyombo vya aina hii vilivyobadili maisha ya wanaushirika wa India, na mambo yanayotupasa kuyaangalia hapa kwetu.

Ikumbukwe kwanza kwamba ushirika wa pamba katika Kanda ya Ziwa ulizaliwa mizanini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walilalamika kwamba wanunuzi binafsi waliwapunja uzito, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Juhudi hizo, ambazo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri, ndizo zilizofikisha kuundwa kwa Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955. Kwa hiyo suala la nani asome mizani si geni kwetu, wala halikuletwa na umeme.

Huko India, katika wilaya iliyoitwa Kaira, jimbo la Gujarat, wafugaji walikuwa na malalamiko ya namna hiyo hiyo kuhusu maziwa yao. Chama chao kikuu kiliandikishwa tarehe 14 Desemba 1946 chini ya uenyekiti wa Tribhuvandas Patel, kikaanza na vyama viwili tu vya vijiji. Mwaka 1949 alifika mjini Anand mhandisi kijana, Verghese Kurien, na mwaka 1955 kikafunguliwa kiwanda kilichoweza kugeuza maziwa ya nyati wa kufugwa kuwa unga, jambo ambalo wataalamu wa nje walikuwa wamelikana. Faida yake ilikuwa kubwa, kwa maana wakati wa baridi nyati hutoa maziwa mengi kuliko soko linavyoweza kuyanywa, na maziwa hayangoji.

Lakini chombo kilichogusa nyumba ya mwanachama kila siku ni kingine, nacho ni kipimo cha mafuta. Maziwa ya huko hulipwa kwa wingi wake na kwa kiasi cha mafuta yaliyomo. Maziwa ya nyati huwa na mafuta kama asilimia 7, ya ng'ombe kama asilimia 4. Na atiaye maji hupunguza mafuta. Zamani karani alichukua sampuli ya kila mwanachama katika kichupa, akachanganya maziwa na asidi kali katika bomba la kioo, akaongeza spiriti ya amili, akayazungusha kwa mashine mpaka mafuta yakapanda juu, kisha akasoma alama za kioo kwa jicho. Kazi hiyo ni ya hatari, maana asidi huunguza. Tena mwanachama alikwisha kwenda zake nyumbani wakati kipimo kikisomwa. Alichoandika karani ndicho kilichokuwa kweli.

Kuanzia miaka ya 1990 vyama vya vijiji vya Gujarat vilianza kuweka vituo vya kupokelea maziwa kwa elektroniki. Mama huja asubuhi na jioni, humimina maziwa katika chombo kilicho juu ya mizani, na kilo huonekana kwenye kioo. Sampuli kidogo hupita katika mashine ya kupima mafuta, na asilimia huonekana papo hapo. Kompyuta huzidisha, na kijikaratasi hutoka kikionyesha namba ya mwanachama, uzito, mafuta na fedha. Hata asiyejua kusoma maandishi huitambua namba. Akipata mafuta machache leo kuliko jana, huuliza pale pale, au huenda kuangalia majani aliyomlisha mnyama wake. Kwa maoni yangu kijikaratasi hicho kimefanya kazi kubwa kuliko mashine yenyewe.

Mwezi Novemba 2016 serikali ya India ilipobatilisha noti za rupia 500 na 1,000, vyama vya maziwa vilifanya haraka kuwafungulia wanachama akaunti za benki. Hapo pana swali ambalo Kamati zetu nazo hazina budi kujiuliza, hasa sasa ambapo malipo mengi hupitia benki au simu: akaunti ni ya nani? Mama akikamua na fedha zikaingia kwa jina la mumewe, kijikaratasi anacho yeye lakini fedha hana.

Sasa tuje kwetu. Ndani ya mizani ya kidijitali mna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana mzigo ukiwekwa, na kupinda huko hugeuzwa kuwa namba. Mizani isipokaa sawasawa, au betri ikidhoofika, namba inaweza kupotoka bila yeyote kukusudia hila. Hila nayo ipo. Mpimaji huweka kitu kidogo juu ya mizani kabla ya wanachama kufika, hubonyeza kitufe cha sifuri, kisha hukiondoa. Tangu hapo kila mzigo hupungua kwa uzito wa kitu kile. Ajuaye kusoma ataona namba yenye alama ya kutoa wakati mizani haina kitu. Asiyejua hataona lolote. Namna nyingine haihitaji ufundi: kioo kinasema 43.7, karani anaandika 43. Tuseme chama kina wanachama 300, kila mmoja analeta mzigo mara 5 katika msimu, na kila mara inapotea nusu kilo. Hizo ni kilo 750 ambazo hazimo katika daftari lolote. Makato ya uzito wa gunia yapimwe kwa gunia lenyewe tupu, mbele ya wanachama, wala yasikadiriwe.

Katika chama kimoja nilichokikagua, kioo cha mizani kiligeuzwa kuelekea ukutani, mahali ambapo karani peke yake aliweza kukisoma. Sababu niliyopewa ilikuwa jua. Kioo kilipogeuzwa kuelekea kwa wanachama na kuwekewa kivuli cha kipande cha turubai, malalamiko ya uzito yalipungua sana katika wiki zilizofuata, ingawa mizani ilikuwa ile ile.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mizani ya biashara ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka, nayo huwekwa alama yenye mwaka. Baina ya ukaguzi mmoja na mwingine Katibu asingoje. Awe na jiwe la kilo 20 lililohakikiwa, na kila asubuhi kabla ya kupokea mazao mwanachama mmoja wa foleni aliweke mwenyewe juu ya mizani, namba isomwe kwa sauti na kuandikwa katika daftari pamoja na saini yake na ya karani. Katika ukaguzi wa msimu ujao daftari hilo ndilo nitakaloomba kwanza, kabla ya leja.