Kukausha Nguo Pasipo Hatari

Mama mwenye bidii hufua nguo za jamaa yake asubuhi, na kila apitaye huiona kazi yake ikipepea juu ya kamba. Lakini kufua ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kukausha, na humo zimo hatari ambazo watu wengi hawazijali. Nguo iliyokaushwa vibaya yaweza kuleta jipu. Nguo iliyokaushwa kwa moto ndani ya nyumba yaweza kuleta kifo. Basi, wasomaji wapenzi, na tuitazame kazi hii kwa makini.

Jua na kamba

Jua halidai malipo, nalo hukausha vizuri kuliko kitu chochote. Kamba ifungwe mahali penye jua na upepo, juu kuliko shingo ya mtoto. Watu wengi hupenda waya wa chuma kwa sababu haukatiki upesi. Lakini waya huo ukigusana na waya wa umeme uliochubuka, au na bati lililopitiwa na umeme, mama mwenye mikono iliyolowa aweza kuuawa papo hapo. Kwa hiyo bwana mwenye nyumba atumie kamba ya katani au ya nailoni, wala asiifunge kamwe kwenye nguzo ya umeme.

Nzi atagaye katika nguo

Katika sehemu za joto za nchi yetu ya Kongo yuko nzi aitwaye nzi wa maembe. Jike hutaga mayai katika mchanga wa kivulini, au katika nguo mbichi zilizoanikwa mahali pasipo jua. Baada ya siku chache mayai huanguliwa, na mtu aivaapo nguo hiyo, funza huingia katika ngozi yake na kufanya jipu lenye maumivu. Watoto wachanga huteseka zaidi.

Dawa yake ni rahisi. Nguo zisitandazwe chini wala kichakani. Zikikauka, zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, hasa penye mishono na mikunjo, maana joto huua mayai. Nguo zisizovumilia pasi zianikwe juani, kisha zitunzwe zaidi ya wiki mbili kabla ya kuvaliwa.

Mbabula ndani ya nyumba

Tumefika sasa kwenye hatari iliyo kubwa kuliko zote. Huko Bukavu mvua hunyesha tangu Septemba hata Mei, na usiku una baridi. Mama aona nepi za mtoto zimelowa zote. Huingiza mbabula chumbani, huzitandaza nguo juu ya viti kuizunguka, hufunga mlango na dirisha, kisha wote hulala.

Mama huyo ameingiza maadui wawili. Wa kwanza ni moto: nguo moja ikianguka juu ya makaa, kitanda na chandarua huwaka upesi. Wa pili haonekani. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa njema, hata mwili ukakosa pumzi. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika. Na aliye usingizini huenda asiamke kamwe. Msidanganyike kwa kuwa moshi umekwisha: makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hasa yenye hila.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua milango, mtoe nje penye hewa safi, umpeleke hospitali bila kukawia.

Afanyeje basi mama wakati wa mvua? Afue nguo chache kila siku, asingojee lundo. Azikamue kwa nguvu, azikunje ndani ya kitambaa kikavu na kuzikandamiza, kisha azitundike barazani, kila moja mbali na mwenziwe ili upepo upite. Amalizie kwa pasi. Na ikiwa ni pasi ya makaa, aitumie penye mlango wazi, kwa maana nayo hutoa hewa ile ile. Akimaliza, makaa ayamwage nje juu ya udongo na kuyazima kwa maji.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na uhai uliopotea haujengwi tena. Mtakatifu Yosefu aliilinda Jamaa Takatifu kwa kuamka usiku na kutenda upesi. Baba wa nyumba naye, kabla ya sala ya jioni, atazame chumbani: mbabula ikiwamo, aitoe nje yeye mwenyewe, ndipo awaombee watoto wake usiku mwema.