Umezaa Wangapi, Walio Hai Wangapi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kuwa hata mtu bila daftari hupotea bila habari. Mwaka huu Mwenyekiti wa Chama chetu aliniomba shairi, nikamwambia hapana. Kuna jambo la hesabu lililonikaa rohoni tangu nikiwa darasa la sita, nami sina budi kulitoa humu.

Ilikuwa Agosti 2019, wakati wa sensa. Karani alifika kwetu huko Kwale jioni, kishikwambi mkononi, akiongozana na mzee wa mtaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu."

Akauliza ni nani na nani waliolala nyumbani usiku wa tarehe 24 kuamkia 25. Mama akatutaja sote. Kisha karani akauliza, "Mama, kwa jumla umezaa watoto wangapi?"

"Watano."

Nikamkodolea mama macho. Watano? Si sisi tuko wanne! Nikadhani amekosea, nikataka kumsahihisha.

"Na walio hai ni wangapi?"

"Wanne," mama akajibu polepole, huku akiendelea kuchambua mchele wake. Karani akabonyeza kishikwambi, akaenda kwa swali lingine.

Usiku ule nilimwuliza mama. Ndipo akaniambia kwamba kabla yangu alikuwapo msichana. Alizaliwa nyumbani, akaishi siku tisa, akapata homa, akafa. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha kifo. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu wa serikali kuniuliza habari zake," mama alisema.

Kwa muda mrefu nilimwonea karani yule hasira. Swali lile lina kazi gani ila kumtonesha mtu kidonda? Jibu nililipata katika somo la Jiografia tulipofika mada ya idadi ya watu, nikaendelea kuchimba mwenyewe. Hebu niwaeleze.

Vifo: wangapi, kati ya wangapi?

Kosa la kwanza tunalofanya wengi ni kuhesabu makaburi tu. Tuseme mtaa mmoja ulizika watu 60 kwa mwaka, na kijiji jirani kilizika 16. Utasema mtaa una balaa, sivyo? Ngoja kwanza. Mtaa una wakazi 10,000, kijiji kina 2,000. Gawanya vifo kwa idadi ya watu katikati ya mwaka, kisha zidisha kwa 1,000. Mtaa unapata vifo 6 kwa kila watu 1,000, kijiji kinapata 8. Kumbe kijiji ndicho kinachopoteza watu zaidi! Hiki huitwa kiwango ghafi cha vifo. Siri yake yote ni kwamba idadi ya waliokufa haina maana mpaka ujue ni kati ya wangapi.

Lakini mbona kikaitwa ghafi? Kwa sababu hakijachujwa. Japani ina vifo vingi kwa kila watu 1,000 kuliko Kenya, ilhali Wajapani huishi miaka mingi kutuzidi. Si ajabu: kwao wazee ni wengi, kwetu vijana ndio wengi. Kwa hivyo wataalamu hugawanya watu kwa rika, wakapima kila rika peke yake: wachanga na wachanga, wazee na wazee.

Rika linaloangaliwa sana ni la watoto. Hapa hatugawanyi kwa idadi ya wakazi wote bali kwa watoto waliozaliwa hai. Kulingana na utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Kenya, 32 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na 41 kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa 2014, idadi hizo zilikuwa 39 na 52. Tunasonga mbele, ingawa bado wapo akina mama wanaorudi nyumbani mikono mitupu.

Swali la mama

Sasa, vifo hivi vinajulikanaje? Sheria inataka kila kizazi na kila kifo kiandikishwe, na vinavyotokea nyumbani hupitia kwa naibu wa chifu. Kama sote tungefanya hivyo, kazi ingekuwa kupekua daftari na kujumlisha. Lakini dada yangu hakuandikishwa, na wako wengi kama yeye. Je, utamhesabuje mtu asiye na karatasi?

Jibu lina uhusiano na hapa petu. Kabla ya uhuru, katika miaka ya 1950, Mskochi mmoja aitwaye William Brass alikuwa akifanya kazi katika idara ya takwimu ya Afrika Mashariki jijini Nairobi. Daftari za vifo zilikuwa pungufu mno. Baadaye akabuni njia ya kutumia maswali mawili tu yanayoulizwa mama: umezaa wangapi, na walio hai ni wangapi? Njia hiyo ikaenea Afrika, Asia na Amerika Kusini.

Angalieni inavyofanya kazi. Mama mwenye miaka 20 hadi 24 bado ana watoto wadogo sana, kwa hivyo vifo anavyovitaja vinatupa habari za watoto kabla ya kufikisha miaka miwili. Wenye miaka 25 hadi 29 wanatupa habari za kabla ya miaka mitatu. Wenye miaka 30 hadi 34, za kabla ya miaka mitano. Tuseme katika tarafa fulani akina mama wa rika hili la mwisho wamezaa watoto 700, na 42 kati yao wamefariki. Gawanya 42 kwa 700, unapata 0.06, yaani 60 kwa kila 1,000. Wataalamu hurekebisha kidogo kulingana na umri ambao akina mama walianza kuzaa, basi kwisha.

Mwaka ule mama yangu alikuwa na miaka 34. Dada yangu wa siku tisa aliingia katika hesabu hiyo.

Njia hii ina kasoro zake. Mama aliyekwisha kufa hawezi kuulizwa. Tena wengine huona uchungu au haya kumtaja mtoto aliyefariki, wakasema wamezaa wanne badala ya watano. Ndiyo sababu maswali hutenganishwa: wanaoishi nawe ni wangapi, wanaoishi kwingine ni wangapi, waliofariki ni wangapi. Ukiulizwa hatua kwa hatua hivyo, ni vigumu kumsahau mtu.

Uzazi: jumla ya rika saba

Upande wa uzazi pia huanza kwa kuuliza "kati ya wangapi?" Ukigawanya vizazi kwa wakazi wote, unawatia ndani akina baba, watoto na mabibi wazee ambao hawazai. Heri kuwachukua wanawake wa miaka 15 hadi 49 na kuwapanga katika rika saba za miaka mitano mitano.

Tuseme katika mwaka mmoja, kwa kila wanawake 1,000 wa kila rika, walizaliwa watoto 70, 180, 170, 130, 75, 30 na 5. Jumlisha: 660. Kila mwanamke hukaa miaka mitano katika kila rika, kwa hivyo zidisha kwa 5, unapata 3,300. Gawanya kwa wale wanawake 1,000: watoto 3.3. Ati nani amezaa watoto watatu na sehemu ya mtoto? Hakuna! Huo ni wastani wa watoto ambao msichana wa leo angezaa maishani mwake kama uzazi wa kila rika ungebaki vile vile.

Kwa kipimo hiki tunaona nchi yetu ilikotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto wapatao 8. Mwaka 1989 wakawa 6.7, mwaka 2014 wakawa 3.9, na mwaka 2022 wakawa 3.4. Nyanya yangu alizaa tisa, mama watano. Hesabu za taifa nimeziona nyumbani kwetu.

Ndoa: miaka ya useja

Je, waweza kujua watu huolewa wakiwa na umri gani bila kuona hata cheti kimoja cha ndoa? Mwaka 1953 mtaalamu John Hajnal alionyesha kuwa inawezekana. Unauliza tu: katika kila rika, ni wangapi hawajawahi kuolewa?

Tuseme kila msichana huishi miaka 15 ya kwanza bila mume. Katika rika la 15 hadi 19, asilimia 80 hawajaolewa. Katika 20 hadi 24 ni asilimia 40, katika 25 hadi 29 ni asilimia 10, na baadaye wote wameolewa. Jumlisha 0.8, 0.4 na 0.1, upate 1.3. Zidisha kwa miaka 5: 6.5. Ongeza ile 15 ya mwanzo, na wastani wa umri wa kuolewa ni miaka 21 na nusu. Kama wapo wasioolewa kabisa, huondolewa kwanza katika hesabu.

Kipimo hiki si mchezo. Msichana anayeozwa akiwa na miaka 15 huanza kuzaa mapema, na huacha shule mapema. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema miaka 18, na hesabu hizi ndizo zinazotuonyesha kama sheria inafuatwa au imebaki kwenye karatasi.

Tamati

Wenzangu, siku hizi sina hasira na karani yule. Alipobonyeza kishikwambi chake, dada yangu alihesabiwa kwa mara ya kwanza, miongoni mwa watoto ambao taifa liliwapoteza. Kutokana na majibu kama ya mama, wakubwa wanaweza kujua ni wapi pakunga hawatoshi na ni wapi zahanati iko mbali. Jina lake mama aliniambia, lakini sitaliandika hapa. Hilo ni letu sisi.

Nawasihi basi: mtoto akizaliwa kwenu, aandikishwe. Mtu akifariki, hata awe wa siku moja, aandikishwe. Na karani akibisha hodi, mpe kiti, umjibu ukweli. Tuonane katika toleo lijalo, Mungu akipenda.